Farasi Alipotulia

Watu wananiita Mama Sindano, na sina mtoto. Jina nililipata kazini. Nachoma mbwa, paka na farasi kwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, ili misuli ilegee na maumivu yapungue. Wenye lugha ya vitabu wanaita akupancha. Baba yangu aliita kushona bila uzi.

Baba alikuwa daktari wa wanyama kwa miaka thelathini na minane, na mpaka leo jirani akimwona anaita "Daktari!" hata kama mwenyewe yuko na kandambili na fulana iliyochanika kwapani. Mimi ndiye niliyepaswa kurithi zahanati yake. Nilifeli mtihani wa udaktari mara mbili. Ingekuwa mara moja watu wangesema bahati mbaya. Mara ya pili Baba hakunigombeza. Alisema, "Haya, mwanangu," akaingia chumbani, na hiyo "haya" yake nimeibeba mpaka nimeota mvi. Afadhali angenitukana.

Nikamsaidia zahanatini miaka kumi na mmoja, mimi nikishika mbwa vichwa, yeye akitibu. Halafu nikaenda kusoma sindano, miaka miwili mizima, mbali na nyumbani. Niliporudi na cheti alikisoma mbele, akakigeuza akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu, akauliza, "Na uzi uko wapi?" Wageni waliokuwepo walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na mimi nikacheka. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

Tusikilizane lakini. Kazi yangu si ya kubahatisha. Farasi aliyekakamaa mgongo kwa kubeba wanafunzi kutwa nzima, ukimchoma pale mgongo unapokutana na makalio, baada ya dakika kumi anashusha kichwa, mdomo unalegea, anapiga miayo. Farasi hajui kumpendeza mtu. Hilo nimeliona kwa macho yangu haya, wala sihitaji wa kunithibitishia. Uongo mtupu huo, nilihitaji. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na bado nangoja mzee mwenye fulana iliyochanika aseme kwamba ninajua kitu. Cheka ukitaka.

Basi Jumamosi moja akanipigia simu. Mbwa wake, anayemwita Meneja kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila kusimamia wengine, alikuwa hawezi kuinuka. Nyonga zilikuwa zimekwisha kwa uzee. "Nimejaribu vidonge vyote ninavyovijua," Baba akasema. "Tumbo lake limevikataa. Njoo na vishonio vyako."

Nilikwenda mbio, hata kiatu nilivaa njiani. Nikamlaza Meneja kwenye mkeka barazani, nikachoma sindano kumi na mbili, tatu kila upande wa nyonga na nyingine kando ya uti wa mgongo, nikahesabu kwa sauti kama nilivyofundishwa, maana unazoingiza ndizo unazotoa. Dakika ishirini. Nikatoa, nikahesabu tena. Mbwa akalala palepale. Jumamosi iliyofuata, vilevile, hakuna kitu. Baba alikaa kwenye kiti chake, hakucheka, na huko kutocheka kwake kulinikata maini kuliko kicheko. Nilitoka nikajifungia ndani ya gari nikalia, kisha nikafuta uso, nikaondoka.

Jumamosi ya tatu, Meneja alinipokea getini.

Jamani! Alikuwa anachechemea, sikatai, lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake minne, mkia unapiga lango. Nikamuuliza Baba, tena kwa ukali wa kikazi, "Hujampa dawa nyingine?" Akasema, "Hapana. Nilikwambia nimeziacha zote." Nikaandika kwenye daftari langu: hatumii dawa yoyote. Jumamosi ya nne mbwa alipanda ngazi tatu za baraza. Ya sita alimfukuza paka wa jirani, akamkosa, akarudi amejaa majivuno.

Na siku hiyo ya sita Baba alikuwa na wenzake wawili, madaktari wastaafu kama yeye, wale wale waliocheka habari ya uzi. Akawaambia, na mimi nimepiga magoti pale nakusanya sindano zangu, "Mnamwona huyu? Huyu ni mwanangu. Amefanya nililoshindwa."

Nikaendelea kuhesabu sindano. Nilizihesabu mara nne na kila mara zilikuja kwa idadi tofauti. Nilirudi nyumbani nikiimba, mimi ambaye hata kanisani sauti yangu inawatoa watu kwenye mstari.

Tangu hapo kichwa kikavimba. Nasema mwenyewe kabla sijasemwa. Zamani nikiitwa kwa mnyama mgonjwa, cha kwanza nilikuwa nauliza, "Daktari amemwona?" Siku hizo nikaanza kusahau kuuliza.

Sasa yuko mwanamke mmoja mwenye shule ya kupanda farasi, nje kidogo ya mji. Kila mtu humwita Mwalimu, hata walio wakubwa kwake. Ana farasi tisa, lakini wa moyo wake alikuwa mmoja, jike la kahawia aitwaye Zumaridi. Alimpata angali mtoto wa farasi, miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na walikuwa pamoja miaka kumi na minane. Mume alikuja akaondoka, Zumaridi akabaki. Nilikuwa namchoma mgongo kila baada ya wiki mbili, na Mwalimu alikuwa ananisimulia habari zake zote huku farasi anapiga miayo.

Jumapili, saa nne asubuhi, Mwalimu akanipigia. "Dada, njoo. Zumaridi tumbo linamsokota."

Nilimkuta farasi ameloa jasho shingo nzima. Anaparura chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Majani makavu ya kulalia yalikuwa yametapakaa mpaka nje ya banda. Daktari wa karibu alikuwa safarini. Wa hospitali ya farasi, ambako ni mwendo wa saa mbili na zaidi, alikuwa ameshasema kwenye simu: mpakieni, mleteni, chumba cha upasuaji kinatayarishwa. Na lori la kubebea farasi lilikuwa limeshafika, linarudi kinyumenyume kuingia getini.

"Anachukia lori," Mwalimu akasema. "Safari ya mwisho alijigonga humo mpaka akatoka damu. Na kupasuliwa, kwa umri huu… Dada, wewe unasemaje? Tumpakie, au wewe unaweza?"

Nikasogea pembeni nikampigia Baba.

"Fizi zina rangi gani?" akauliza.

"Zimepauka. Juu ya meno kuna mstari wa zambarau."

"Tumbo linanguruma?"

"Nimeweka sikio pande zote mbili. Kimya."

"Mpakie sasa hivi."

Hakusema zaidi ya hapo. Ila mimi nilichosikia ni ile "haya" ya miaka yote. Nilisikia: kama ungefaulu usingeniuliza. Damu ikanipanda.

"Nataka kumchoma kwanza. Nusu saa tu."

"Mama, sindano hazifungui utumbo uliojisokota."

"Na Meneja je? Si ulisema mwenyewe, mbele ya wenzako, nimefanya uliloshindwa? Au ulikuwa unanitania?"

Akanyamaza. Nilimsikia anavuta pumzi. Nilisikia hata jokofu la jikoni kwake likinguruma. Nilingoja. Naapa nilingoja, nikiwa na simu sikioni na yule farasi anajipigiza ukutani nyuma yangu.

"Wewe ndiye uko hapo," akasema mwisho. "Fanya unavyoona."

Nikarudi kwa Mwalimu. Nikamwambia, "Nipe nusu saa."

Nilimchoma kandokando ya uti wa mgongo, nikamchoma chini ya goti la nyuma, nikamchoma masikioni. Si kazi ndogo, farasi mwenye uchungu anaweza kukuua bila kukusudia. Mwalimu alimshika kichwa akimsemesha. Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake anatutazama, injini inawaka.

Ilipofika dakika ya arobaini, Zumaridi akatulia.

Alitulia ghafla. Aliacha kuparura. Akasimama wima, akashusha kichwa mpaka kwenye kifua cha Mwalimu, akatoa pumzi ndefu. Mwalimu akaangua kilio cha furaha, akanikumbatia kwa mikono yake michafu. "Mungu akuweke, dada! Mungu akuweke!" Kisha akanitazama. "Lori?"

"Mwambie arudi," nikasema.

Akaenda mwenyewe kumwambia dereva. Niliona lori linageuza getini, taratibu, kwa uangalifu, lisiguse maua.

Saa mbili zilipita hivyo. Nilikunywa chai. Nilimpigia hata rafiki yangu mmoja kumsimulia. Kisha Zumaridi akaanza kutetemeka, jasho lake likawa la baridi, miguu ya nyuma ikakunjika. Tulipomwita tena daktari wa hospitali alikuja kwa gari lake mwenyewe, na alichokuja kufanya ni kumpumzisha tu kwa dawa, asiteseke zaidi. Hakumpasua kumchunguza. Alimpigapiga Mwalimu begani, akamwambia ni umri, hata lori lisingewahi. Watu wema hao. Dunia imejaa watu wema.

Jioni nilimpigia Baba. Nikamwambia amekufa. Akauliza, "Alikuwaje mwishoni?" Nikamwambia alitulia kabisa kwa saa mbili, ghafla tu, baada ya sindano, halafu akaanguka. Akasema, "Pole sana, mwanangu," akakata simu.

Mwalimu alinitumia ujumbe siku ya pili. Aliandika kwamba nilimpa Zumaridi saa mbili za raha, kwamba hakufa na maumivu, na kwamba hilo hatalisahau. Akawasimulia na wengine. Wiki hiyo nilipigiwa na watu watano wanaomtaka yule mama aliyemtuliza farasi wa Mwalimu. Sikumpokea hata mmoja. Sikujua kwa nini, ila kila nikigusa kile kisanduku cha sindano mikono ilikuwa inakuwa mizito.

Nikakaa wiki nne sichomi mtu wala mnyama. Jumamosi ya nne nikaona aibu kumtelekeza mzee, nikaenda kumsalimia, mikono mitupu.

Meneja alinipokea getini.

Alikuja anakimbia. Alizunguka mara mbili, akaniparamia mpaka nikashika ukuta nisianguke. Mbwa ambaye hakuguswa na sindano wiki nne, ambaye kwa daftari langu alitakiwa awe amerudi mkekani. Nilisimama pale namtazama anavyopanda ngazi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuchechemea.

Baba alikuwa barazani. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, na nikaona usoni mwake kwamba ameshajua ninachofikiria.

"Unampa nini?" nikamuuliza.

"Kaa kwanza."

"Sikai! Unampa nini, Baba?"

"Vidonge. Vipya. Mwenzangu mmoja alinipatia. Nampa asubuhi ndani ya kipande cha ini."

"Tangu lini?"

Akasugua magoti yake. "Tangu Jumatano ile baada ya mara ya pili. Nilikuona kwenye gari, kupitia dirisha. Ulikuwa unalia, mama. Sikuwahi kukuona unalia tangu ule mtihani."

Ndipo nikakaa.

Kumbe! Miezi yote ile nilikuwa natembea kifua mbele, na Baba ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na sitayarudia hapa. Akayapokea yote.

"Nilikwambia umpakie," akasema nilipoishiwa pumzi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nikakuuliza habari ya Meneja! Neno moja, Baba! Ungesema tu, nampa vidonge! Lori lilikuwa getini!"

"Ningekwambiaje hilo kwenye simu, na watu wanakusikia?"

"Kwa mdomo!"

Meneja akaja akalala katikati yetu, anatusimamia.

Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanila bila mimi kulijua. "Farasi wa tumbo akitulia ghafla vile, maana yake nini?"

Alifumba macho. "Unataka nikuambie?"

"Nimechoka kufichwa."

"Utumbo umepasuka," Baba akasema. "Ukiwa umejaa na umejisokota, unauma. Ukipasuka, mkazo unakwisha na maumivu yanaondoka kwa muda. Saa moja, mbili. Halafu uchafu unaenea tumboni na hakuna wa kumwokoa. Uliponiambia jioni ile, nilijua. Kila daktari anajua."

Na mimi nilikuwa nimekunywa chai.

Nikasimama, nikamwambia naenda kumweleza Mwalimu. Akanishika mkono. Baba hanishiki mkono, si mtu wa hivyo. "Usiende. Atapata nini? Yule ameshazika, ameshapoa. Mwache."

"Wewe unapenda sana kunyamaza," nikasema, nikajichomoa.

Mwalimu nilimkuta anasugua matandiko kwa sabuni ya ngozi. Alipoona gari langu alifurahi, akanifutia kiti kwa kanga. Nikakataa kukaa. Nilisema yote kwa mkupuo nikiwa nimesimama: mbwa, vidonge, simu, utumbo. Nilisema hazikuwa sindano zilizomtuliza. Nilisema kama tungempakia saa ile, huenda angeishi.

Hakulia. Aliendelea kusugua mahali palepale kwa muda, mpaka povu likakauka.

"Mimi ndiye niliyemwambia dereva ageuze," akasema.

"Ni mimi niliyekutuma."

"Nilimwambia mimi. Nilimgongea dirisha, nikamwambia nenda kaka, Mungu ametenda." Akaweka sponji chini. "Alikuwa ameegemeza kichwa hapa. Kila siku nikiamka najiambia, alipumzika hapa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho. Kumbe alikuwa anakufa na mimi nacheka."

Niliinama, nikaokota sponji yake.

"Umekuja kuniambia ili nifanye nini?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza hakuniita dada. "Nikusamehe? Ulale vizuri? Ungekaa nalo mwenyewe. Ungekaa nalo mpaka likuue."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Farasi mmoja alitoa kichwa dirishani akanitazama, yule ninayemjua mgongo wake wote. Nikaondoka.

Baba alikuwa bado barazani nilipofika. Sahani yake ya mchana ilikuwa imefunikwa, hakuigusa. Alijaribu kuinuka kunipokea, akashindwa, akabaki ameshika mikono ya kiti. Njia nzima nilikuwa nimemtayarishia maneno. Nilitaka kumwambia aliyoyasema Mwalimu, neno kwa neno, ayasikie, ayameze, alale nayo yeye aliyeyapika.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayengoja majibu ya mtihani. Nilifungua mdomo.

"Ameshukuru," nikasema. "Amesema ni afadhali kujua. Na wewe anakusalimia."

Ilinitoka laini, wala haikunikwama popote. Baba alishusha pumzi, mabega yakateremka, akafuta macho kwa kiganja. "Nilijua," akasema. "Yule ni mtu wa moyo mkubwa." Akavuta sahani yake, akaifunua, akaanza kula, na mimi nikakaa pembeni yake nikamwangalia anavyokula mpaka akamaliza.